Unga Chini ya Kikapu

Chini ya kikapu cha samaki wakavu kinachoning'inia juu ya jiko, katika nyumba za Mulongo, huko Haut-Lomami nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na za kando yote ile ya mto Lualaba, hukusanyika unga. Ni wa rangi ya kahawia, mkavu, mwepesi, umechanganyika na magamba ya wadudu waliojivua ngozi na vinyweleo vifupi vinavyowasha vikigusa shingo. Asubuhi hufagiwa pamoja na majivu, na baada ya siku chache upo tena. Jicho huuzoea, na hapo ndipo hasara inapoanza, kwa sababu kila punje ya unga huo ilikuwa sehemu ya kambale au tilapia aliyevuliwa usiku katika mto au katika maziwa ya Upemba, akapasuliwa, akaanikwa, akafukizwa moshi, akabebwa kichwani hadi nyumbani, na sasa amepita tumboni mwa mdudu wa urefu wa sentimita moja hivi. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Anayechovya humu kikapuni hana haraka wala hapigi kelele, na samaki anayemla hubaki na umbo lake la nje hadi mkono utakapomshika na kukuta ganda tupu.

Mdudu huyu ni mbawakawa wa familia ya Dermestidae. Ndugu zake wadogo, wa jenasi Anthrenus, ndio wanaotoboa mazulia ya sufu, makoti na mablanketi katika miji ya dunia nzima. Mulongo haina mazulia mengi, ila ina samaki wengi, na familia hii haibagui nyumba: inachotafuta ni kitu kilichokuwa hai kikakauka, iwe sufu, unyoya, ngozi ya ngoma, pembe au nyama. Kwenye samaki huja hasa Dermestes maculatus, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, ambaye De Geer wa Sweden alimwandika katika vitabu vya sayansi mwaka 1774. Bila shaka wanawake wa bonde hili walikuwa wamekwisha kumjua karne nyingi kabla ya hapo. Jike hutaga mayai kwenye nyufa za nyama iliyokauka. Buu hutoka baada ya siku chache tu, la kahawia, lenye nywele nyingi na mstari mweupe-mweupe mgongoni, na hula bila kupumzika huku likijivua ngozi mara kwa mara. Katika joto la bonde la Upemba, safari ya kutoka yai hadi mbawakawa mzima huchukua takriban wiki sita.

Mtu akitaka kumwelewa, amtazame kwanza huko mwituni anakotoka. Mnyama akifa, nzi ndio wa kwanza kufika, kwa kuwa funza wao wanahitaji nyama yenye maji. Mbawakawa hungoja. Huja mwishoni, mzoga ukishakauka na ngozi ikishashikamana na mifupa, na kazi yake ni kusafisha kilichowashinda wengine. Anaifanya vizuri kiasi kwamba makumbusho ya wanyama katika nchi nyingi hufuga makundi yake kwa makusudi, ndani ya vyumba vilivyofungwa na kuwekwa mbali na hazina nyingine, ili yasafishe mifupa ya wanyama bila kuiharibu. Mabaki ya jamaa zake yamekutwa hata ndani ya maiti zilizokaushwa na Wamisri wa kale, ambao walitumia chumvi, vitambaa na marhamu ili muda usiwaguse wafu wao. Kwa hiyo samaki mkavu ni mzoga uliosimamishwa njiani. Binadamu ameingia kati ya kifo na udongo, akasema ngoja kwanza, huyu atakula nasi mwezi ujao. Kumkausha samaki kunamfukuza nzi, na kwa kitendo hicho hicho kunamwita mbawakawa. Hakuna namna ya kuhifadhi isiyofungua mlango mmoja huku ikifunga mwingine, na mwenye nyumba hana budi kujua mlango alioufungua ni upi.

Hoja yangu iko hapa, na naona inastahili kusemwa polepole. Watu wengi wakiona unga chini ya kikapu hushughulika na samaki. Humtoa, humkung'uta, humrudisha juani nusu siku, wengine humpitisha motoni, kisha humrudisha mlemle alimotoka. Wiki chache baadaye unga umerudi, na wenye nyumba husema wadudu wa mwaka huu ni wakali, au samaki walikuwa wabaya. Lakini samaki hakuwa makao makuu ya adui. Buu la mdudu huyu likikomaa, huacha chakula na kutafuta kitu kigumu cha kujichimbia: fito za kikapu, mwanzi, ubao wa dari, mti wa uchaga, hata mshono mnene wa gunia. Sababu yake inatisha kidogo. Akiwa pupa, hawezi kukimbia wala kujitetea, na mabuu wenzake, ndugu wa tumbo moja, humla wakimkuta wazi. Basi hujificha ndugu zake wasimwone, na kwa kujificha kwake hujificha nasi pia. Samaki akikung'utwa na kuanikwa, yeye amelala ndani ya ufito, salama, akingoja siku ya kutoka na mabawa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa methali hiyo inasimama kwa maana yake halisi kabisa: kinachokula kimo ndani ya kile kinachotunza. Tunasafisha tunachokula na kusahau kinachokihifadhi.

Atakayekubali hoja hii atakuta kazi yenyewe haihitaji mtaalamu wala fedha nyingi, na inaweza kufanywa uani na watu wa nyumba ile ile. Mdudu huyu, katika hatua zake zote, hufa akikaa katika joto la nyuzi 55 au 60 kwa muda wa saa moja hivi. Jua la kawaida la kiangazi peke yake halifiki huko juu ya mkeka, na ndiyo maana kuanika tu huwafanya mabuu wakimbilie kivulini na kurudi jioni. Lakini samaki wakipangwa juu ya kitu cheusi na kufunikwa kwa plastiki angavu iliyobanwa pembeni kwa mawe, joto hupanda sana ndani yake. Huko Bangladesh, katika miaka ya 1970, watafiti walitengeneza mahema ya plastiki ya namna hiyo kwa ajili ya wavuvi, wakaona samaki wanakauka haraka zaidi na mabuu wanakufa. Wakati samaki wako chini ya plastiki, kazi kubwa zaidi ndiyo ianze: kikapu kimwagiwe maji yanayochemka, fito kwa fito, hasa pale kinapofungwa na mshipi, uchaga ukaguliwe kwa vidole na macho, na kila tundu dogo la mviringo lipate maji yale yale, ufito uliokwisha kutobolewa sana ung'olewe utiwe jikoni. Unga wa sakafuni usifagiliwe uani, kwa kuwa una mayai na mabuu ndani yake. Nao utiwe motoni. Kisha samaki waliopoa wawekwe katika ndoo yenye kifuniko kinachobana, si katika mfuko mwembamba wa plastiki, maana buu huutoboa bila shida. Na kwa kuwa maisha ya mdudu ni wiki sita, jicho lirudi kabla ya wiki sita. Mwenye kuangalia kila mwezi humkuta akiwa buu. Mwenye kuangalia mara mbili kwa mwaka humkuta akiwa ukoo.

Watakaopinga wapo, na pingamizi lao la kwanza ni dawa. Kwa nini kuhangaika na maji ya moto, ilhali sokoni kuna chupa ya sumu ya kunyunyizia mashamba au kuta, inayoua ndani ya dakika? Sijibu kwa kudharau, kwa sababu anayesema hivyo mara nyingi ni mama mwenye magunia, si kikapu kimoja, na kila siku ya kuchelewa ni ada ya shule inayopotea. Lakini sumu hiyo ina kasoro mbili, na moja ingetosha. Kwanza, haimfikii aliyejificha ndani ya ufito. Inawaua walio wazi, watu wanashangilia, kisha kizazi kilichokuwa ndani ya mti hutoka na kuanza upya, na chupa ya pili hununuliwa. Pili, nyingi za sumu hizo hupenda mafuta kuliko maji, na kambale ni samaki wa mafuta. Zikishaingia nyamani, kuosha hakuziondoi zote, wala mchuzi uliochemka vizuri si dhamana. Mtoto anayepewa ugali wa bukari na kipande cha samaki huyo hana njia ya kuonja kilichomo. Mdudu ameiba robo ya samaki. Dawa imeharibu robo tatu zilizobaki. Samaki aliyeliwa na buu, akikung'utwa, akapashwa moto ipasavyo na kupikwa, bado ni chakula, ingawa cha hadhi ya chini. Aliyenyunyiziwa sumu ya shambani si chakula tena, hata akiwa mzima na mzuri wa kutazama.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba wazee walikuwa na chumvi na moshi, na vilitosha. Ni kweli kwamba chumvi ni kinga ya ajabu. Samaki mwenye chumvi inayofikia karibu sehemu moja katika kumi za uzito wake mkavu hawapendezi mabuu, na wengi hushindwa kukulia ndani yake. Lakini chumvi hununuliwa, na chumvi huvuta unyevu. Kuanzia Oktoba hadi Aprili, mvua zikishika Haut-Lomami, samaki wa chumvi hulowana akiwa ndani ya nyumba na kuota ukungu, na mnunuzi wa Kamina au wa Lubumbashi mwenye kupenda ladha ya moshi humpita. Moshi nao, pale unapokuwa wa moto kweli, humpika samaki na kuua kila kilichokuwemo, na harufu yake humchelewesha mdudu mgeni. Ila moshi ni ulinzi wa siku ile. Ukishapoa, samaki hana cha kumtetea dhidi ya kikapu atakamotiwa. Kwa hiyo siwapingi wazee hata kidogo. Ninachodai ni kwamba tumerithi nusu ya hekima yao, ile inayohusu samaki, na nusu nyingine, ya kubadilisha fito za uchaga na kuchoma vikapu vilivyochoka, tumeiacha, labda kwa sababu gunia la plastiki lililoletwa na biashara halionekani kuwa kitu cha kuchomwa. Samaki mkunje angali mbichi, wasemavyo. Na kwa upande wa kikapu, mkunjo huo ni kukikagua kabla hakijapokea mzigo.

Watu wa bonde hili wamekuwa wakihifadhi samaki tangu zamani sana. Makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yaliyochimbwa na Jacques Nenquin mwaka 1957 na baadaye na Pierre de Maret katika miaka ya 1970, yalionyesha kwamba kufikia karne ya 10 palikuwa na watu wengi hapa, wenye vyungu vya kupendeza na vitu vya chuma na shaba. Na shaba haichimbwi katika bwawa. Ilitoka kusini, na kitu fulani kilikwenda kusini kuilipia. Wanahistoria wa ufalme wa Waluba wameeleza jinsi samaki wakavu wa maziwa haya walivyobadilishwa na chumvi na chuma, na jinsi njia hizo za biashara zilivyokuwa sehemu ya nguvu za wafalme. Samaki mbichi hafiki mbali. Anayesafiri ni aliyekaushwa, na aliyekaushwa husafiri kwa kadiri tu mbawakawa anavyoruhusu. Naona si kutia chumvi kusema kwamba mipaka ya soko la kale ilipimwa kwa sehemu na hamu ya kula ya mdudu huyu, na kwamba mama aliyejua kumchelewesha kwa mwezi mmoja zaidi aliurefusha mkono wa nchi yake, hata kama hakuna ubao wa lukasa uliomtaja.

Na lukasa yenyewe inatupeleka kwenye swali pana zaidi. Waluba walijua kwamba kumbukumbu haikai hewani. Waliipa chombo, ubao wa mti wenye shanga, na wakawapa watu wa chama cha mbudye kazi ya kuushika na kuusoma kwa vidole. Chombo kilikuwa na mlinzi wake. Leo vitu vingi vya Waluba viko mbali, katika makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji na kwingineko, na walinzi wa makumbusho, popote duniani, wanapambana na familia hii hii ya wadudu, kwa sababu vilemba vya manyoya, ngozi za ngoma na vitambaa vya sufu ni karamu kwake. Zamani walipaka ngozi sabuni ya aseniki, na mpaka sasa wanavaa glavu kushika vitu hivyo, kwani sumu ya babu haijafa ingawa wadudu aliowakusudia wamekufa zamani. Siku hizi wengi hugandisha vitu katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku kadhaa, kisha hugeukia rafu, masanduku, nyufa za sakafu, viota vya ndege darini na wadudu wafu waliorundikana dirishani, kwa kuwa wamejifunza kwamba zulia au kilemba ni mahali pa kula tu. Kwa kutumia fedha nyingi na vyombo vya baridi, wamefika pale pale ambapo mama wa Mulongo anaweza kufika kwa sufuria ya maji ya moto. Hilo halinishangazi. Kitu kikitunzwa kwa muda mrefu, swali la kitu hugeuka kuwa swali la mahali pake.

Kuna atakayeuliza, na ana haki, kama huu ndio wakati wa kuzungumzia mabuu. Eneo hili la maziwa linajua kipindupindu kwa miaka mingi. Malemba-Nkulu inakumbuka miaka ya mwanzo ya karne hii, ambapo vita vya wanamgambo wa Mai-Mai viliwatoa watu majumbani wakakimbia na walichoweza kubeba. Mbele ya mambo hayo, unga chini ya kikapu unaonekana kuwa shughuli ya watu wenye nafasi. Nimelifikiria pingamizi hili kuliko mengine yote, na naliona linapindua mambo. Mwenye shida ndogo anaweza kuvumilia hasara ndogo. Aliyetoka kukimbia, mwenye kikapu kimoja na miezi miwili ya mvua mbele yake, ndiye ambaye robo ya samaki kwake ni protini ya watoto ya wiki nzima. Kipindupindu kinahitaji serikali, maji safi na zahanati. Vita vinahitaji amani ambayo haimo mikononi mwa kaya. Hili la kikapu limo mikononi mwa kaya. Ni katika mambo machache ya nyumba ile ambayo mwenye nyumba anaweza kuyaanza asubuhi na kuyamaliza jioni bila kuomba ruhusa, na heshima iliyomo katika jambo la namna hiyo si ndogo kwa mtu ambaye mengine yote yameamuliwa na wengine.

Hata hivyo kaya haiko peke yake, na hapo ndipo hoja yangu inapokutana na mpaka wake. Samaki wa Mulongo hupanda mto hadi Bukama, ambako reli kutoka kusini ilifika mwaka 1918, na kutoka hapo huenda Kamina, Likasi na Lubumbashi. Magunia hurudi matupu. Hayarudi matupu kweli: katika mishono yake wamelala pupa kutoka maghala ya mjini, wa koo zilizochanganyika njiani, na gunia hilo likitupwa juu ya samaki wa jana wa mtu aliyechemshia kikapu chake maji kwa bidii, kazi yake yote imekwisha. Anaweza kujilinda kwa kuliweka kila gunia geni nje ya nyumba mpaka lipitishwe katika maji ya moto, na namshauri afanye hivyo. Lakini si haki kumwachia mmoja mmoja mzigo unaoletwa na mtumbwi wa wote. Pipa moja lililokatwa, kuni, na mtu mmoja wa zamu gatini, pale magunia yanapoteremshwa na kabla hayajagawiwa, vingeweza kufanya kwa saa chache kile ambacho nyumba mia zinakifanya kila moja kivyake na nusu yazo kukisahau. Kuni zilipiwe na nani ni jambo la kujadiliwa na wenye mitumbwi, wanunuzi na akina mama wenye uchaga. Kwa maoni yangu wanunuzi ndio waanze kuchangia, kwa kuwa magunia ni yao, na hasara ya samaki aliyeharibikia njiani wamekuwa wakiishusha kwenye bei wanayomlipa yule aliyemkausha.